Kikapu Hakifunuliwi

Mvuke ulinipiga usoni, na papo hapo nikajua nimeharibu maharagwe. Nilikuwa nimepiga magoti jikoni mbele ya kikapu, blanketi limefunuliwa nusu, kifuniko cha sufuria mkononi, nikivuta ile harufu kama mtu aliyeibuka majini. Kitunguu, dhania, maharagwe yanayoanza kulainika. Jikoni kwangu hakukuwa kumenukia hivyo tangu tumzike mke wangu Nasimiyu.

Kikapu kilikuwa chake. Alifundishwa na akina mama wa kanisa: loweka maharagwe usiku, mwaga yale maji, chemsha kwa mengine mpaka yatokote kwa nguvu, kisha toa motoni, zungushia sufuria blanketi ndani ya kikapu, uende zako sokoni. Joto litamaliza kazi lenyewe. Makaa yalikuwa yamepanda bei, gesi ndiyo usiseme. Huko Olkaria wanachimba mvuke wa kuwasha taa za nchi, na mke wangu hapa Nakuru anaufungia wake kwa blanketi kuukuu usitoroke. Nilimwambia hivyo siku moja. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Waambie hao wakubwa waje niwafundishe," alisema. "Lakini wewe, Baba Mitchelle, toa mkono hapo. Kikapu hakifunuliwi. Ukifunua, utakula mawe."

Alipopatikana na presha, alibadilisha sahani zetu zote. Mafuta kijiko kimoja. Ndimu mahali pa chumvi. Sukuma ioshwe kabla ya kukatwa, iguswe na moto tu, ibaki kijani. Nilinung'unika kama mtoto, nikala. Yeye alifanya yote aliyoambiwa. Wenye ofisi ndio hawakufanya yao. Zahanati ilipakwa rangi, ikatundikwa bango lenye uso wa mheshimiwa, na kwenye dirisha la dawa wakatuambia, "Rudini wiki ijayo." Tulirudi wiki ijayo nyingi. Ile ya mwisho nilirudi peke yangu, kuwaambia wasijisumbue tena.

Baada ya matanga nikawa mtu wa chai na mkate. Suruali zikaanza kunihama. Binti yetu Mitchelle, aliyeolewa na Kipngeno huko Rongai, akasema imetosha.

"Baba, utakuja kukaa kwetu. Kipngeno amekubali."

"Kwetu mzee hazeekei kwa mkwe."

"Na kwetu mzee hafi njaa akiwa na watoto. Jumamosi nakuja. Nikikuta chakula cha maana, sitasema kitu. Nikikuta mkate, tunafungasha."

Kwa hivyo Jumamosi hiyo nilifanya kila kitu kama Nasimiyu, hadi namna alivyokunja ncha za blanketi. Kisha, badala ya kutoka, nikakaa kando ya kikapu. Nyumba ilikuwa kimya. Nikafunua kidogo tu. Nikafunika. Nikafunua tena.

Mitchelle alifika, akachota kijiko, akatafuna. Nilisikia punje ikivunjika menoni mwake.

"Baba, ulifunua."

"Nilifunua."

"Na unajua. Mimi mwenyewe nilichapwa mwiko kwa ajili ya hiki kikapu."

"Nilitaka kunusa tu," nilisema. "Kulinukia kama mama yako yuko jikoni."

Aliinamisha uso kwenye sufuria, akaivuta ile harufu. Halafu akatupakulia yalivyokuwa, tukayala, tukisimama mara kwa mara kupumzisha taya. Sikuuliza habari ya kufungasha. Jioni alichagua maharagwe mengine, akayatia maji, akavaa koti.

"Kesho ukishafunga, toka nje ya hii nyumba," alisema mlangoni. "Nenda kwa Okeyo mcheze drafti mpaka nikupigie simu."

Kesho yake nilichemsha, nikafunga, nikatoka. Jirani yangu Okeyo alinila kete zote bila jasho, akanitazama.

"Mzee, leo unacheza kama mtu aliyeacha mlango wazi."

"Nimefunga," nilimwambia, nikapanga kete upya.