Kitu Chenye Alama ya Shirika

Sylvie aliposhuka kwenye pikipiki kwenye kambi ya wakimbizi wa vita ya Kanyaruchinya na kukuta hema la shirika la misaada limefungwa, wenyewe wameondoka, hakusikitika. Alikasirika. Mabomu yalikuwa yakilia upande wa Sake, lakini bomu halisikii matusi, na Sylvie alikuwa na matusi ya watu wenye masikio.

Ile programu ya simu ya kutafutia watoto waliopotea njiani wakati wa kukimbia waliitengeneza yeye na mwenzake Kambere, walimu wa kompyuta mtaa wa Katindo, mjini. Hawakuanza mikono mitupu. Waliijenga juu ya programu huria, zilizoandikwa na watu wasiowajua hata kwa sura, walioacha neno moja tu: fungua uone ndani, rekebisha, gawa, na utakayempa awe na haki ileile. Haikuhitaji mtandao. Simu mbili zikikaribiana, kila moja iliipa nyingine majina iliyoyabeba. Kugawiwa ndiko kulikokuwa uhai wake. Sylvie akaiita Ya Sisi Wote, na jina hilo likafundisha kuliko semina. Wauza maandazi wa mtaa wa Birere wakarushiana, wanakwaya wakarushiana, hata askari wakarushiana wakitafuta wake zao. Ruhusa hakuiomba mtu. Nani huomba ruhusa ya kutumia chake?

Kisha shirika likaja na simu mpya na mitambo ya jua, likataka kitu kimoja kidogo: programu iitwe Msaada, na alama yao ikae mbele. Sylvie akakataa. Kambere akasaini.

"Tusigombane juu ya jina," Kambere alisema. "Ndani hatubadilishe kitu. Ruhusa ya kugawa iko mule, imeandikwa."

"Imeandikwa kwa ukurasa ya mwisho, penye hata wewe haufikake! Wewe unaitwa Kambere. Kila Munande wa kabila yako akisikia, anajua wewe ni wa pili, kuko mukubwa alikutangulia. Bakikuita jina ya tajiri, ule mukubwa atajulikana na nani?"

Kambere alicheka, akavaa jile, kile kizibao chenye alama ya shirika. Kicheko kile Sylvie hajakisamehe hadi leo.

Sasa alikwenda moja kwa moja kwa Donat, kijana mwenye meza ya kuchajia simu, maana simu zote za kambi hupitia kwake.

"Donat, asubuhi nilikuwa kambi ya Bulengo. Nimebeba majina yote ya kule. Fungua programu mu hizi simu, ziyapokee."

"Nilishaifuta, Madame. Nilifutia bantu bote mu simu zabo."

"Umefuta? Kwa nini?"

"Ile ni Msaada, iko na alama ya shirika." Donat alimtazama kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua. "Kitu yenye alama haiuzishwe, haipewe mutu mungine. Kuko mama alipatia shemeji yake bashi ya hema, ile turubali ya shirika, bakamunyanganya jetoni ya kupokelea chakula. Sasa benyewe banaenda, mi nibaki na kitu yabo? Batasema niliiba."

Sylvie alitaka kumtukana mjinga. Ujinga wa Donat ulikuwa wapi? Cha mtu mavi, na watu wa kambi walikuwa wamefundishwa hilo kwa njaa, mwaka baada ya mwaka, na hawahawa wenye alama. Programu ilikuwa ileile, haikupungua hata herufi. Waliipachika tu jina la mwenye mali, na watu wakaipa heshima ya mali ya watu: hawakuigusa.

"Madame Sylvie, unatoka Bulengo?" Alikuwa Mama Valérie, wa Mushaki kule Masisi, aliyepotezana na binti yake Bénita siku walipokimbia. "Niangalilie mutoto wangu."

Sylvie akatafuta. Jina likaja. Bénita wa Mushaki, kovu la moto mkono wa kushoto, mama yake Valérie. Aliandikwa kabla ya Krismasi na mwanamke aliyemwokota barabarani. Chini yake yalikuwapo maneno mengine ya mwanamke huyohuyo, ya juma lililopita: *Tumengoja sana. Hakuna mutu alimuulizia. Tunapanda boti, tunaenda Kalehe.*

Alimsomea yote. Hakujua namna nyingine.

"Kumbe alikuwa Bulengo," Mama Valérie alisema polepole. "Ng'ambo ya muji tu."

"Ndiyo, mama."

"Mi nilikuwa nayo hii Msaada. Kila juma napanga mustari kwa hema yabo, naomba benyewe banifungulie, banitafutilie mutoto. Siku moja jirani alitoka Bulengo, akataka kunirushia majina ya kule. Mi mwenyewe njo nilikatala. Nilimuambia, hii haiko yetu, usinitafutie matatizo." Akamkazia macho Sylvie. "Nilikuwa na ruhusa?"

"Tangu siku ya kwanza, mama. Wewe na kila mutu."

"Na haukuona muzuri kuniambia."

Hapo hasira ya Sylvie ikakosa pa kusimama, kwa kuwa ni kweli: aligombana na Kambere miezi na miezi, lakini hakuja kupita hema kwa hema akiwaambia watu. Akampigia Kambere, aliyekuwa ameshavuka mpaka pamoja na shirika.

"Eleza mwenyewe," alimwambia, akampa Mama Valérie simu.

Mama Valérie aliisikiliza kitambo. Kambere alikuwa akitoa pole, akisema ofisi itafuatilia, hali ikitulia.

"Papa," akamkatiza, bila kupandisha sauti, "pole yako baki nayo. Mutoto wangu balimuleta mu simu mpaka mukononi mwangu, mi nikamurudisha. Nilizani ni wa kwenu."