Paja la Kuku la Kliniki ya Kisukari

Kimbaombao, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa amebakiza saini moja tu amalize mazoezi yake, nayo ni ya Metroni. Asubuhi hiyo Metroni akaingia kliniki ya kisukari ameshika paja la kuku la plastiki, lile la kuwafundishia wagonjwa kupanga sahani. Lilikuwa limeng'atwa.

"Nani kaling'ata?"

Kimbaombao akafumba mdomo kuficha meno. Jana yake, baada ya kuwaeleza wagonjwa kumi na tisa kwamba kuruka mlo ni hatari, naye ameshindia soda na biskuti nusu, aliliangalia lile paja, na paja likamwangalia. Meno yakamtangulia.

"Hamsemi? Mwiteni daktari wa meno."

Daktari wa meno akaja na bakuli la udongo laini wa kuchukulia alama za meno. Wafanyakazi wote wakapanga foleni, kila mmoja akang'ata donge lake.

"Udongo una ladha ya mnanaa," alisema mfamasia.

"Kwani umemeza?" aliuliza daktari wa meno.

Mfamasia akajifuta mdomo.

Daktari wa meno akapima kwa rula, akafungua sanduku zima la vyakula vya plastiki, akakuna kichwa. Karoti ilikuwa na meno ya daktari wa zamu. Nyanya, mfamasia. Samaki alibaki mkia, na karani wa mapokezi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Na hili yai?" aliuliza Metroni, kabla paja lenyewe halijapimwa.

Yai lilikuwa na mwanya mpana katikati, na kliniki nzima mwanya wa namna ile ulikuwa kinywani mwa mtu mmoja tu. Daktari wa meno akatazama dari. "Hili sijalitambua," akasema kwa upole.

Hakuna aliyecheka. Metroni akaketi polepole.

"Mara ya mwisho kula mlo kamili ni lini, wanangu?"

"Jumapili," alisema daktari wa zamu.

"Ipi?"

Daktari akaanza kuhesabu kwa vidole.

Mzee mmoja mgonjwa, aliyekuwa akisikia yote kutoka kwenye benchi, akainuka, akawasukumia wote chumba cha sindano, akafunga mlango kwa nje. Kisha makopo ya chakula cha wagonjwa yakaanza kupita dirishani, maharage, mboga za majani, viazi, vyote vimepimwa kama walivyofundishwa.

"Babu, na nyinyi?" aliuliza Kimbaombao.

"Tumebeba vya ziada. Tunawaona mnavyokonda. Daktari! Mboga nusu sahani, nakuchungulia!"

"Shikamoo, mzee. Naongeza."

"Marahaba. Tafuna taratibu."

Kimbaombao alikula akashiba. Ndipo akaona hawezi kuchukua saini ya Metroni huku akimficha ukweli.

"Metroni, paja ni mimi."

Vijiko vikasimama. Metroni alimtazama, jani la mboga limekwama katika ule mwanya wake.

"Lete fomu."

Akasaini. Penye maoni ya msimamizi akafikiri kidogo, akaandika: *Mkweli. Meno imara. Popote atakapopangiwa kazi, apewe chakula kwanza.*

Kisha akagonga mlango kuomba wafunguliwe.

"Bado," alijibu mzee. "Hamjanywa maji."