Swali la Rubani

Helikopta ilipita chini sana hata nikaona soli za viatu vya rubani kwenye kioo cha tumboni. Matete yalilala kama nywele zilizochanwa. Nyuma yake dawa ilining'inia, nyeupe, kisha ikawashukia kwelea kwelea waliokuwa wakigombea mahali pa kulala. Watu walipiga vigelegele mbali juu ya kilima. Mimi sikupiga. Safari ya kwanza ilikuwa imepita, ya pili imepita. Ya tatu ingefika kwenye waya.

Ndege wale ndio walionitoa shule. Nilikuwa darasa la tano, mtama umeanza kushika punje, baba yangu Masunga akanipandisha juu ya dungu na debe la kugonga. Alisema ni wiki tatu. Mwalimu alipokuja kuuliza, akaambiwa mwakani. Nilikaa pale misimu mitano. Ukiwapigia ndege kelele kutwa nzima, ikifika zamu ya watu huna tena neno. Nikawa mtu wa kuinamisha kichwa. Na mwaka huu wa helikopta mdogo wangu Sayi naye alikuwa darasa la tano. Baba alikwishasema: ndege wakirudi, Sayi atapanda dungu la pili.

Rubani aliitwa Tajudin, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye meno ya kucheka. Alitua alasiri kwenye uwanja wa mpira wa Nkoma, pamoja na Bujiku, bwana kilimo wetu. Akawapungia watu mkono.

"Mwangaluka!"

Wanawake waliangua kicheko. "Hiyo ya asubuhi, baba! Saa hizi ni mwadila."

"Basi niwekeeni, nitaitumia kesho."

Akauliza nani anajua ndege wanakolala. Nikasukumwa mbele. Tulitembea naye kandokando ya mto, yeye akiuliza, mimi nikijibu kwa kidole.

"Hapo nitapita kimo cha nyumba," alisema. "Kinachoniua mimi si urefu, dada, ni waya. Ukiwa juu huuoni, hata uwe mnene kama kidole. Kwa hiyo natafuta nguzo. Nikiona nguzo najua waya upo, na penye waya sinyunyizi. Naacha hapo hapo."

Hatua mia mbili mbele yetu, palepale ndege walipojaa kuliko kwingine kote, waya wa baba ulikatiza mto. Alikuwa ameuvuta mwenyewe kutoka laini ya umeme ya barabarani, bila kibali, hadi kwenye pampu yake ya nyanya, akiufunga mgunga kwa mgunga. Hapakuwa na nguzo hata moja. Kitongoji kizima kiliujua, na hakuna aliyeutaja, maana nusu yao walichajia simu kwetu. Tajudin aliangalia jua, akasema panatosha, turudi.

Uwanjani aliuliza mbele ya wote. "Kuna waya wowote unaokatiza mto? Hata wa kuanikia nguo, niambieni."

Bujiku alikuwa na daftari mkononi. Baba akaliangalia lile daftari.

"Hakuna," akasema. "Nguzo zote ziko barabarani, si unaziona?"

"Labda tandabui," mtu akadakia nyuma, watu wakacheka.

Tajudin akanigeukia. "Na wewe uliyenitembeza? Pako wazi?"

Siku hizi baba husema alidhani helikopta ni kitu cha angani na waya ni wa chini, vitakutana wapi. Huenda ni kweli. Lakini mimi nilikuwa nimeambiwa kimo cha nyumba. Pale uwanjani, mwenye kuujua waya na kuijua safari ya helikopta alikuwa mimi peke yangu. Nilimwona Sayi katikati ya watu, na sare yake ya shule. Nikachora mchanga kwa kidole cha mguu.

Tajudin alitabasamu. "Kwetu mwali akinyamaza, kakubali."

"Hata kwetu," Bujiku akasema, akaandika, akafunga daftari.

Kabla ya kunyunyiza alizunguka kwanza juu, polepole, akitafuta nguzo. Angeziona wapi?

Safari ya tatu haikuanza na mshindo. Palitoka mlio mwembamba, mkali, kisha helikopta ikageuka ubavu kama ndama aliyevutwa kamba shingoni, ikazama kwenye matete. Ndege waliokuwa hai wakaruka wote kwa pamoja. Baba alikimbia kuliko watu wote. Nilidhani anamkimbilia Tajudin. Kumbe umeme ulikuwa umekatika, naye ana mundu mkononi. Akapanda mgunga, akaanza kuukata waya na kuukunja. Wachunguzi walipofika walikuta ule uliojisokota kwenye mapanga ya helikopta tu, na kila waliyemuuliza alisema hajui ulikotoka. Daftari la Bujiku lilipotea. Mimi walinitazama, wakauliza nimesoma hadi la ngapi, wakapita. Ripoti ikasema rubani aliruka bila kuuliza hali ya eneo.

Dawa ya zile safari mbili ilitosha. Mtama ule ulikuwa mtamu. Tuliula mwaka mzima, na Sayi akaingia darasa la sita.

Mjane wa Tajudin alikuja mwaka uliofuata, kwa bodaboda kutoka Bariadi. Aliitwa Nasrin. Baibui lake lilikuwa limegeuka rangi ya barabara. Baba alimpa kiti kivulini.

"Sikuja kushtaki," alisema. "Wameandika hakuuliza. Mume wangu alikuwa akiuliza hata kamba ya nguo ya jirani. Nina mtoto anakua, atakuja kuisoma karatasi hiyo. Nataka kujua hilo tu."

"Mama, watu walikuwa wengi," baba akasema. "Makelele. Hatukusikia kitu."

"Aliuliza."

Sauti ilinitoka kubwa, ile ya juu ya dungu, kuku walitawanyika.

"Wewe, nenda jikoni," baba akasema.

"Aliuliza mara mbili. Alimuuliza baba, baba akasema hakuna. Akaniuliza mimi, nikanyamaza. Waya nilikuwa naujua. Ulikuwa wetu."

Nasrin hakulia wala hakunitukana. Midomo ilikuwa imemkauka kwa safari. Sikujua kingine cha kufanya. Nikaenda mtungini, nikachota maji kwenye kikombe, nikampigia goti. Akakipokea kwa mikono miwili. Kisha akanirudishia kikiwa kimejaa vilevile, akafunga vizuri mtandio wake, akamwita mwenye bodaboda.