Nakshi Zilizobaki Ndani ya Kompyuta

Asubuhi ile Twalib alinifuata jikoni akasimama mlangoni. Mkwe wangu si mtu wa kusimama mlangoni. Nikaepua chai, nikamwuliza kuna nini.

"Mama, kompyuta imegoma."

"Imegoma vipi?"

"Inawaka, halafu inaleta kioo cha bluu kina maneno ya Kizungu. Inajizima. Inawaka tena, inaleta bluu tena."

Nikafuta mikono, nikamfuata chumba cha mbele. Hicho ndicho kiwanda chetu hapa Chang'ombe. Cherehani ya kudarizi imekaa katikati, na kompyuta iko mezani pembeni yake. Nakshi inachorwa kwenye kompyuta, waya unaipeleka kwenye cherehani, cherehani inaishona kwenye shingo ya kanzu au ukingo wa joho la bwana harusi. Kompyuta ikifa, ile cherehani ni chuma tu.

Aliyekuwa akichora nakshi ni mume wangu, Abdulrahman, Allah amrehemu. Figo zilipomshinda hakuweza tena kusimama kwenye cherehani, lakini mkono wake ulikuwa bado mzima. Alikaa kitandani na kompyuta mapajani, anachora mpya, na hakuruhusu hata moja ishonwe.

"Hizi si za sasa," aliniambia. "Hizi ni zenu mkiwa peke yenu. Kila Ramadhani mtoe moja. Mteja akiona kipya hakimbii."

Ramadhani ya kwanza baada ya yeye kufariki ilinikuta ndani ya eda, kiwanda kimefungwa. Baadaye tukawa tunashona nembo za mashati ya shule na yale mapambo ya zamani, tunangoja Ramadhani hii. Shaabani ilikuwa imeshaingia. Tulikuwa tumepanga siku ile ndiyo tufungue nakshi ya kwanza.

Nikamwuliza Twalib, "Umeifanya nini?"

"Jana umeme ulikatika, uliporudi kompyuta ikawa haiitambui cherehani. Nikatazama mtu mmoja kwenye simu anafundisha. Kasema ufute zile draiva, uwashe upya, kompyuta itazirudisha yenyewe."

"Draiva ndiyo nini?"

"Ni programu ndogo ndogo, mama. Kila kifaa kina yake. Kompyuta ikiwa nayo inakijua kile kifaa, ikikosa haikijui."

"Ukafuta ya cherehani."

Akatazama sakafu. "Zilikuwa nyingi, na majina yake siyajui. Nikaona nikifuta zote zitarudi zote."

Sikumgombeza. Binti yangu Najat alikuwa amesimama nyuma yake na tumbo la miezi ya mwisho, na macho yake yalikuwa yananiomba. Nikasema, "Ibebe twende kwa fundi."

Fundi Gozbert ana kibanda karibu na karakana za kuchomea mageti. Ni Mhaya, mcheshi, na kila mteja ana jina alilompa. Alituona, akaitazama kompyuta, akamtazama Twalib.

"Shikamoo mama. Braza, umeniletea mgonjwa au maiti?"

"Marahaba," nikasema. "Mtazame kwanza, ndiyo utuambie."

Twalib akamweleza. Gozbert akacheka mpaka akashika meza.

"Yaani umefuta mpaka draiva ya diski? Kaka, hiyo ni sawa na kumfukuza mtu ndani ya nyumba halafu umwambie akufungulie mlango."

"Yule kwenye simu alisema zitarudi."

"Yule kwenye simu yuko wapi leo? Mwambie aje." Kisha akaniona sicheki, akatulia. "Usijali mama. Hii naifahamu. Nachomeka flashi yangu, naingia kwa mlango wa nyuma, narudisha alichofuta. Vitu vyenu havijaguswa, viko palepale."

Nikamshukuru Mungu moyoni. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikaanza kuvuta tasbihi. Mie huwa natazama mikono ya mtu kuliko maneno yake, na mikono ya Gozbert ilikuwa inakwenda haraka. Kisha ikasimama.

"Mama, nani aliifunga hii?"

"Kuifunga vipi?"

"Diski ina kufuli. Siku zote inajifungua yenyewe, hata huoni. Ikishtuka kwamba kuna kitu kimebadilika, inajifunga, inataka ufunguo. Ni namba ndefu sana, hakuna mtu anaikumbuka kichwani."

Twalib akamtajia namba ya siri tunayoingilia kila siku. Gozbert akatikisa kichwa. "Hiyo ya mlangoni. Hii ni nyingine."

Nikajua ni kazi ya Abdulrahman. Mafundi wa darizi wote wanaogopa kitu kimoja. Unachora nakshi usiku na mchana, kijana wako anaitia kwenye flashi, wiki ijayo imetundikwa Kariakoo nzima na hakuna anayekujua. Lilishamkuta. Tangu hapo nakshi zake hazikutoka nje ya kompyuta ile. Hata mie nilipomwambia aweke nakala mahali, alisema nakala ndiyo mwizi.

"Tuitoe diski tuiweke kwenye kompyuta nyingine," Twalib akasema.

"Kufuli linakwenda nayo. Nimeshajaribu kwa wateja wengine." Gozbert akavuta kiti akakaa karibu yangu. "Iko njia moja. Mzee alipoifunga, ule ufunguo ulihifadhiwa kwenye barua pepe yake. Hiyo hapa kwenye kioo, naiona herufi za mwanzo. Nywila yake mnaijua?"

Hatukuijua.

"Si neno. Tunaomba kuingia, wenye barua pepe wanatuma namba kwenye simu yake. Simu ya mzee iko wapi?"

Hapo nikaacha kuvuta tasbihi.

Tulipomaliza arobaini, shemeji yangu Shomari ndiye aliyegawa vitu vya marehemu, kama inavyotakiwa. Kanzu alipewa muadhini, redio alipewa jirani, simu ilifutwa kila kilichomo akapewa kijana mmoja wa msikitini. Laini aliitoa kwanza, akaikata kwa mkasi mbele yetu. Watu ambao hawakuwa na habari walikuwa bado wanapiga, "Fundi yupo?" na Najat kila akipokea analia. Shomari akasema, namba ya maiti isiwe inalia ndani ya nyumba. Sote tuliona ni jambo la huruma. Lilikuwa jambo la huruma.

Gozbert alisikiliza mpaka mwisho. "Ipigeni," akasema. "Laini ikikaa muda bila kutumika, kampuni inampa mtu mwingine. Labda kuna mtu anayo."

Twalib akanipa simu yake. Namba naijua kwa kichwa. Ikaita.

"Haloo, nani mwenzangu?" Sauti ya mwanamke mtu mzima, lafudhi ya kusini.

"Naitwa Bi Tunu, wa Chang'ombe. Mwenzangu nani?"

"Mama Marietha. Nikusaidie nini, dada?"

Sauti nzuri, ya mtu aliyelelewa. Nikamweleza taratibu: namba hii ilikuwa ya mume wangu, amefariki, kuna vitu vyake vimefungwa. "Sasa hivi itakuja meseji kwenye simu yako ina namba. Nakuomba kwa ajili ya Mungu unisomee."

Nikasikia upande wa pili redio inapunguzwa sauti.

"Unisomee namba," akasema.

"Ndiyo, dada yangu."

"Mama, hamchoki? Mwezi uliopita mmemliza mdogo wangu hivihivi, kaletewa habari za mgonjwa, kasoma namba, pesa zote za kwenye simu zikasafishwa. Leo mmekuja na marehemu."

"Wallahi sikudanganyi."

"Na Mungu mnamtaja. Sauti ya mtu mzima kabisa, mwenye wajukuu. Huoni haya?"

"Dada, niambie unakaa wapi, nije unione uso."

"Ili ujue na nyumba yangu? Muogope Mungu, mama." Akakata.

Twalib akapiga tena, haikuita; alikuwa ameshatuzuia. Tukatumia simu ya Gozbert, akapokea, akasikia sauti yangu, akakata, na ile nayo haikuita tena. Gozbert akataka kumtumia meseji. Nikamzuia. Kila siku tunaambiwa msikitini na redioni, usimsomee mtu namba iliyokuja kwenye simu yako. Angenipigia yeye mimi, ningemjibu vilevile, pengine vibaya zaidi.

Tulikwenda ofisi ya kampuni ya simu na cheti cha kifo. Binti wa dirishani alikuwa mpole, alinipa pole mara mbili. Namba ina mwenyewe sasa, imesajiliwa kwa alama za vidole vyake, na wao hawana ruhusa kutuambia ni nani wala kumpigia kwa niaba yetu. Akasema angekuwa na uwezo angenisaidia. Niliona ni kweli.

Tukarudi kwa Gozbert. Safari hii hakutania.

"Mama, mambo yamebaki mawili. Nafuta kila kitu, naweka mfumo mpya na draiva zote. Jioni cherehani inafanya kazi, nakshi mtanunua Kariakoo kama wengine. Au mnabeba kompyuta hivi ilivyo, mnaiweka kabatini."

"Ikikaa kabatini, iko siku itafunguka?"

Alifikiri. Nilimpenda kwa kufikiri. "Mimi nisikudanganye. Sidhani."

"Tununue nyingine, hii tuitunze," Twalib akasema. Alisema huku anajua hatuna uwezo huo, na Ramadhani iko mlangoni, na mkewe yuko karibu kujifungua.

Nikaomba kukaa nayo kidogo. Watu wakapisha. Kioo kilikuwa na mstari mtupu unaosubiri namba, na chini yake kulikuwa na ile miezi yote ya kitandani. Nilikuwa nikimwekea mto mgongoni, yeye anauliza, "Bi Tunu, jani hili liinamie kulia au kushoto?" Mie namjibu kulia, na yeye analiweka kushoto. Sikuwahi kuziona zikiwa zimekamilika. Nilidhani nitaziona kwenye nguo.

Nikasoma Fatiha. Nikamwita Gozbert.

"Futa."

Akaandaa, akachomeka flashi yake, kioo kikauliza kama tuna uhakika. Gozbert akamsogezea Twalib kompyuta. "Braza, mwenye mali ndiye anabonyeza, kesho usije ukasema ni mimi."

Twalib akanyoosha kidole. Uso wake ulikuwa wa mtu anayerudia kosa lilelile mbele za watu. Huyu atalea mtoto ndani ya nyumba ile, atakaa mbele ya kompyuta hii kila siku.

Nikamshika mkono nikauweka chini.

"Niache mie," nikasema. "Kitufe kipi, baba?"

Gozbert akanionyesha. Nikasema bismillahi, nikabonyeza. Kompyuta ikaanza kazi yake, haina haraka. Twalib aligeukia barabarani akajifanya anatazama wachoma mageti. Mie nilibaki nikitazama mpaka ilipomaliza.