Marahaba ya Advera

Advera alikuwa anaosha michembe ya viazi vitamu mlangoni kwake, mtaa wa Chemchem, aliposikia sauti yake mwenyewe ikipita barabarani. Ilikuwa ndani ya simu ya Omari wa bodaboda.

"Marahaba wanangu," ilisema. "Mimi Advera nimejitoa. Kura zangu mpeni Leodgar."

Advera hakuwa amejitoa. Aligombea uenyekiti wa mtaa kwa sababu ya kisima, ambacho mwenyekiti Leodgar alikitia kufuli, ufunguo akauning'iniza kiunoni na kumfungulia amtakaye. Akafungua mdomo amwite Omari. Ukatoka mnong'ono. Watu walivyozidi kutumiana ile sauti, mnong'ono nao ukazidi kupungua. Hadi jioni sauti ilikuwa imefika mbali huko Ulyankulu, na mwenyewe hana hata kikohozi.

Zahanati walimmulika, wakasema koo ni zima ila halina mtu.

Watoto wakamwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Mama zao wakasema uongozi bado, kiburi tayari.

Wifi yake Theodora akairipoti sauti ile kwa wenye mtandao. Jibu likaja upesi: wameisikiliza, haikiuki kanuni zao.

"Kasikiliza nani?" Theodora aliiuliza simu. "Kiswahili anakijua? Wifi, wewe tangu lini ukaita watu 'wanangu'? Wewe ni wa 'nyie walafi, naweni mikono.'"

Advera alicheka. Mabega tu ndiyo yaliyotikisika.

Theodora akampitisha nyumba kwa nyumba.

"Tumemsikia mwenyewe kajitoa," watu walisema. "Wewe unayemsemea ni nani?"

Advera akatikisa kichwa kukataa. Wakasema maskini, anaona aibu.

Leodgar akashinda.

Uchaguzi ulipokwisha, wenye mtandao waliandika tena. Wamechunguza upya, sauti ni ya kughushi, wameifuta kila mahali, wanashukuru kwa uvumilivu. Theodora akatoa vigoda viwili, wakakaa mlangoni kuisubiri sauti irudi nyumbani. Simu za kijiweni zikanyamaza moja baada ya nyingine. Omari akapita, simu yake kimya. Michembe jikoni ikaiva, ikapoa.

"Kumbe wamefuta kweli," Theodora alisema, akarudisha vigoda ndani.

Siku hizi watoto wakimwamkia, Advera huwashika kichwani, nao hujiitikia wenyewe, "Marahaba." Kisha wote hujitwika ndoo, hukipita kisima na kufuli lake, wakashuka kuteka bondeni.