Namba ya Saa Tisa

Mwalimu Wilbert alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa siku moja. Tangu astaafu kufundisha jiografia, miaka kumi na tisa sasa, kila saa tatu asubuhi alikwenda kwenye kipima mvua chake nyuma ya nyumba, Makutupora, Dodoma, akaandika alichokikuta. Januari hii alikuwa ameandika sifuri siku ishirini na sita mfululizo. Mtama wake ulishajikunja majani, na mkewe Antonia aliacha kumuuliza mvua itanyesha lini, maana jibu lilikuwa lile lile.

Jibu lilikuwa kimbunga. Kilikaa huko baharini kikivuta unyevu wote wa bara, kama mtu anayevutia blanketi lote upande wake. Kisipopiga nchi kavu, Dodoma haitaona tone. Hivyo ndivyo walivyokubaliana kwenye kundi lao la WhatsApp, watu saba wanaopenda hali ya hewa kuliko wengine wanavyopenda mpira, na wakaanza kukishangilia kisogee. Rose wa Makole alituma picha za setilaiti kila nusu saa. Wilbert naye alishangilia, tusifiche.

Shida ni kwamba kilielekea Mtwara, na Mtwara alikuwepo mwenzao Mwamvua, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hawajawahi kuonana naye ana kwa ana. Ndiye pekee wa pwani mwenye barometa. Kila saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri alituma kipimo cha mgandamizo wa hewa, Wilbert akakiandika kwenye daftari la kundi, ambalo kila jioni aliwatumia wenzake picha yake. Kundi lilikuwa na sheria moja, na aliyeitunga ni Wilbert: kipimo kilichokosekana hakikisiwi. Nafasi inabaki wazi, kila mtu aione. Kwa miaka sita Mwamvua hakuacha nafasi hata moja.

Siku ile, saa sita mchana, Mwamvua aliwaandikia kwamba wameambiwa wahamie shuleni, kwenye jengo imara. Wote wakamtakia heri. Wilbert alikuwa hajalala vizuri siku mbili. Akaweka simu chini, akaichukua tena. Kimbunga kinakwenda kupita juu kabisa ya barometa ya mwenzao, na jambo hilo lisingetokea tena maishani mwake. Akamwandikia pembeni, nje ya kundi: "Mwanangu, ya saa tisa tutaipata?"

"Mtaipata, mwalimu," akajibu Mwamvua.

Saa tisa ikapita, na saa kumi. Rose alituma picha: jicho la kimbunga liko juu ya mji. Safari hii hakuna aliyeshangilia. Wilbert alipiga simu ya Mwamvua mpaka Antonia akamwambia aiweke chini ale, naye akala bila kujua anakula nini.

Alfajiri mvua ikashuka juu ya bati. Antonia alicheka peke yake jikoni. Wilbert alikaa kitandani, simu mkononi, na furaha aliyoingoja siku ishirini na sita haikuja.

Saa mbili na nusu akapigiwa kwa namba ya Mwamvua, lakini sauti ilikuwa ya kiume. Ni Iddy, kaka yake. Alimwamkia vizuri, kisha akaeleza kwamba dada yake yuko hospitali. Ukuta umemwangukia, mguu umevunjika sehemu mbili, ila atapona.

"Sisi sote tulikuwa shuleni tangu saa saba," alisema Iddy. "Yeye akarudi nyumbani. Alisema kuna mzee Dodoma anasubiri namba."

Wilbert akalivuta daftari karibu. Iddy, kwa upole uliomuuma kuliko matusi, akaitaja: mia tisa sabini na nne. Dada yake amesisitiza iandikwe.

Wilbert akaiandika kwenye nafasi yake. Mwamvua alishailipia kwa mguu wake, na kuikataa kungekuwa kumuumiza mara ya pili.

Saa tatu akatoka nje. Kipima mvua kilikuwa kimejaa hadi nusu. Hakuinama kusoma. Akakichomoa, akayamwaga maji kwenye mashina ya mtama, akarudi ndani, na kwenye daftari, mbele ya jina la Makutupora, akaacha nafasi wazi, kila mtu aione.