Mji wa Kale wa Shemeji

Shemeji yangu ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyejenga mji wa kale uani kwake.

Ana kampuni ya kuzamia na wageni. Mimi ndiye ninayezama nao, maana yeye maji yakimfika kifuani huanza kumwita mama yake. Kivutio chetu kilikuwa meli iliyozama na shehena ya saruji. Wageni walishuka, wakatazama magunia yaliyogeuka mawe, wakapanda juu na nyuso za watu waliotoka kwenye foleni ya benki. Basi Shemeji akamimina zege uani kwenye mabomba mapana ya plastiki, akapata nguzo, akazigongagonga kwa nyundo ili zizeeke, tukazishusha kando ya meli. Mwani ukamalizia kazi. Magofu hayo!

Ila mji usio na vyombo ungetiliwa shaka. Shemeji akaingia jikoni, akabeba chungu cha marehemu mama yetu, akakizamisha bila kumuuliza mtu. Dada yangu, ambaye kwa bahati yake mbaya ndiye mkewe, alirudi akakuta kabati tupu.

"Chungu cha mama kiko wapi?"

"Kiko kazini," akajibu bila kupepesa macho.

Dada hakupiga kelele. Alinivuta pembeni. "Mdogo wangu, mama hakutuachia kitu kingine. Nirudishie."

Nikamwahidi. Shemeji nilimchukia siku ile, na sijaacha.

Kabla sijashuka, habari za mji wetu zikamfikia mtaalamu wa mambo ya kale kutoka makumbusho. Akaja mbio, akataka kuzama hapo hapo. Nikashuka naye, nikiwa na mfuko wa wavu na nia ya kukificha chungu kabla hajakiona. Alikiona kwanza. Nikamshika mkono, nikatikisa kichwa, nikatikisa kidole, lakini mtu aliyeuma mpira wa hewa ubishi wake wote ni mapovu. Yeye akadhani nimelewa furaha. Akakiinua, kikamponyoka, nikakidaka kwa chini kisivunjike. Ndivyo tulivyokipandisha, yeye huku na mimi huku, msaidizi wake mwaminifu.

Kwenye boti, hata mapezi sijavua, nikasema, "Mtaalamu, hiki chungu ni cha mama yangu."

Machozi yakamlengalenga. "Ndugu yangu," akasema, "ni cha mama zetu sote."

Shemeji, aliyetungoja botini, akapiga makofi.

"Nasema kweli! Hilo pengo la ukingoni ni la dada. Alikigonga kwa mwiko akinifukuza jikoni."

"Huyu anapenda utani," akasema Shemeji, huku akinikanyaga mguu.

Leo chungu kiko makumbusho, ndani ya kabati la kioo, kina taa yake peke yake. Maelezo yanasema pengo lilifanywa kwa makusudi, kumheshimu mungu wa mavuno. Dada yangu, ambaye hata mchicha humnyaukia.

Siku ya uzinduzi Shemeji alivaa suti na kupeana mikono na wakubwa. Dada alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Mama, rudi nyuma," mlinzi akasema. "Hivi si vitu vya kushikashika."

"Samahani," dada akasema, akarudi nyuma. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu wa kukifuta chungu vumbi.

Sikujua. Nikamwambia yupo.